Kabla ya shoo ya kwanza, ulizaneni amplifaya ni ya nani

Dogo mmoja hapa mtaani kaanzisha bendi, wako watatu, juzi kanifuata ananiuliza braza nyie ilikuwaje mkavunjika haraka vile. Nilimwambia kaa, hii stori ndefu. Naiandika na hapa maana najua madogo wa aina yake wako wengi.

Sisi tulianza kwa ajili ya The Gories, bendi ya Detroit, Marekani. Mshkaji wangu alizileta nyimbo zao kwenye flashi tukazisikiliza usiku kucha. Huo muziki wenyewe wanauita garage punk, rock ya kelele isiyo na mapambo, na usifikirie gereji ya kunyooshea bodi za Corolla, kwa wenzetu gereji ni kibanda cha kulazia gari nyumbani, sasa vijana wanatoa gari wanaingiza magitaa. Gories walianza 1986, Mick Collins na Dan Kroha kwenye magitaa, Peggy O'Neill kwenye drums, basi. Besi hakuna! Mjomba wangu ni mtu wa dansi, solo, rizimu, besi, tumba, vyote viwepo, aliposikia akauliza hawa jamaa besi yao wameiweka rehani?

Na walianza hata kupiga hawajui vizuri, walijifunzia humohumo. Ila kelele zile zina soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ndani yake na bluzi ya kweli, na si ajabu, Motown, lebo ya muziki wa soul, ilizaliwa Detroit 1959 kabla haijahamia Los Angeles 1972, na mpiga bluzi John Lee Hooker alirekodi wimbo wake Boogie Chillen palepale Detroit 1948. Kwahiyo dogo, usisubiri mpaka uwe fundi. Hilo sina mjadala nalo.

Sasa sisi. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo ya baba yake mpiga drums, katikati ya magunia ya mkaa, ukimaliza kuimba ukipenga kamasi nyeusi. Miezi sita hivi tukaanza kuitwa kwenye shoo, watu arobaini, hamsini, siku moja wakajaa mpaka nje nikajiona nimeshafika ulaya. Hela ikaanza kuingia, kidogo tu, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana hatukuwahi kuongea. Amplifaya niliinunua mimi, nyimbo nyingi alitunga mshkaji, stoo ya baba wa mwenzetu, kila mtu kimoyomoyo anajiona bendi ni yake. Kwenye dansi angalau inajulikana, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, ukinuna unahamia bendi nyingine. Sisi tulijifanya ndugu, na ndugu eti hawaandikiani.

Siku ya mwisho hatukugombana hata. Mshkaji alichelewa masaa mawili, nikasema neno, akajibu "we si una amplifaya yako, piga mwenyewe". Kimya. Tukaanza kukunja vitu, hiki changu, kile chako, mpaka tukafika kwenye waya mmoja wa gitaa tulionunua kwa kuchanga, mweusi, umefungwa solotepu pale kwenye jeki. Wote watatu tukasimama tunauangalia pale chini. Mpiga drums akasema chukua wewe, nikauchukua, na mpaka leo naona aibu.

Kwahiyo andikeni, hata nyuma ya risiti. Chombo hiki cha nani, wimbo huu wa nani, hela ya shoo inagawanywaje, nauli inatoka kabla au baada ya mgao (hii nauli imeua bendi nyingi kuliko pombe, kwa maoni yangu). Na muandike siku mnayocheka, mkishanuniana hakuna atakayeshika kalamu.

Gories nao walivunjika mwanzoni mwa miaka ya 90, wameacha albamu tatu, ya pili walirekodiwa na mwanamuziki Alex Chilton. Collins akaendelea na bendi nyingine, The Dirtbombs, 2001 wakatoa albamu Ultraglide in Black, karibu yote nyimbo za zamani za soul zimepigwa kipanki, itafute. Halafu 2009 Gories wakarudi jukwaani wote watatu walewale.

Niliposoma hiyo habari nilimtumia mshkaji meseji, ya kwanza baada ya miaka. Akajibu kesho yake: "Ule waya bado unao?"