Kadi ya benki Dubai: ulipe kwa dirham au shilingi?

Dirham, kila mara. Mashine ya kadi ikikupa uchague KES (shilingi ya Kenya) au AED (dirham), ukibonyeza KES bei inageuzwa palepale kwa kiwango cha wenye mashine, na faida yao wameshaichomeka humo. Ukibonyeza AED, kiwango ni cha Visa au Mastercard, kisha benki yako inaongeza asilimia yake. Hiyo ndiyo ya kuulizia kabla ya safari, maana benki hazilingani.

Mimi kule Deira, mtaa wa Dubai, keshia alinibonyezea KES bila kuniuliza. Niliona shilingi kwenye risiti kabla sijaweka namba ya siri, nikamwambia afute aanze upya. Akafuta bila neno, kazoea huyo.

Ila usishangae makato yakitofautiana kidogo na ujumbe wa kwanza wa simu: kiwango huwa cha siku malipo yanaposhughulikiwa, si lazima siku uliyochanja kadi. Dirham yenyewe haiyumbi, imefungwa kwa dola ya Marekani: dola moja ni dirham 3.6725 tangu 1997. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu.

ATM nayo huuliza vivyo hivyo. Kataa kugeuziwa kwa shilingi.