Unaandika vitabu? Usiache kazi kwanza

Mwaka juzi nilichapisha kitabu cha hadithi fupi kwa hela yangu mwenyewe, kopi 300, nikajiapiza zikiisha tu naandika barua ya kuacha kazi. Mpaka leo maboksi mawili yako chini ya kitanda na wife kila akifagia ananiuliza haya yanaondoka lini.

Aliyenitoa kwenye hali ya kujidharau ni Herman Melville, yule Mmarekani aliyeandika Moby-Dick, riwaya ya kuwinda nyangumi. Kwa lilivyo kubwa jina lake nilijua alikula maisha. Wapi! Jamaa alipanda meli ya kuwinda nyangumi 1841, mwaka uliofuata akaitoroka kule kisiwa cha Nuku Hiva, Bahari ya Pasifiki, akaja kuyaandika ya huko na kitabu chake cha kwanza, Typee, 1846, kikapendwa kweli. Alafu 1851 akatoa Moby-Dick, kazi aliyoimwagia kila kitu, ikadoda. Tena London ndo vichekesho, toleo la kule lilitoka bila kile kipande cha mwisho kinachosema Ishmael, yule msimuliaji, aliokoka meli ilipozama (samahani kama hujasoma), basi wahakiki wakauliza, sa kama wote wamezama hii stori katusimulia nani?

1866 akaomba kazi forodhani, bandari ya New York, mkaguzi wa mizigo, dola 4 kwa siku, akakaa miaka 19. Mi mwenyewe nashinda bandarini na makaratasi ya kliaringi kwa hiyo hapo nilicheka peke yangu. Na muda wote huo alikuwa anaandika, mashairi mengi tu, na alipofariki 1891 aliacha muswada wa Billy Budd ambao ulikuja kutoka 1924, wakati watu ndo wameanza kumkumbuka.

Sa ndugu yangu, mshahara usiuache. Mi naandika saa kumi na moja alfajiri, nusu saa tu kabla sijatoka kugombania daladala, na kurasa zinasogea. Ila usijifariji kwamba na wewe ni Melville, kuna vitabu vinadoda kwa sababu ni vibovu. Changu hakikupita kwa mhariri, niliona hela yake kubwa, nikaja kukuta ukurasa wa 12 mhusika amekufa na wa 30 anakunywa chai. Mlipe mhariri, alafu printi 50 kwanza.