Usimsome mgeni usoni tu

"Hawa wanacheka nini?" Mgeni wangu alininong'oneza huku kanibana mkono.

Tulikuwa matangani Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, siku ya pili baada ya kumzika mjomba. Mtani wetu, Mnyamwezi, alikuwa kaingia na kofia ya marehemu kichwani, anachechemea kama yeye, anawafokea wafiwa: "Mnamlilia nani? Huyu hajafa, kakimbia deni langu la kahawa, buku mbili!" Binamu yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu, halafu kicheko kikageuka kwikwi.

Mgeni, Mjerumani niliyekuwa nikimtembeza mjini, alikuwa amekasirika. Na mimi nilishamkasirikia yeye: tangu tufike uso mkavu, hata pole kaitoa kama anasoma risiti. Nikasema moyoni, huyu hana imani. Usiku ndipo aliponiambia kwamba mwaka uliopita alimzika baba yake, na kwao siku ile kila mtu alijikaza, hakuna aliyepaza sauti. Kumbe pale mkekani alikuwa anapigana na machozi.

Sisi waongoza watalii tunapenda kusema uso hausemi uongo. Ni kweli nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Ekman, alikwenda kwa Wafore wa Papua Guinea Mpya, watu ambao hawakuwa wamezoea sinema wala wageni. Aliwasimulia visa vifupi, akawaonyesha picha za nyuso wachague. Kwa kisa cha aliyefiwa na mwanawe, wengi waliuchagua uso ule ule ambao mimi na wewe tungeuchagua. Ila hofu na mshangao waliuchanganya. Na utafiti uliochapishwa 2016, wa visiwa vya Trobriand katika nchi hiyo hiyo, uliwakuta vijana wakiutazama uso wa macho kodo na mdomo wazi, ule tuliozoea kuambiwa ni wa hofu, wakasema huyo ana hasira, anatisha.

Basi ukiwa na mgeni, usingoje abahatishe. Mwambie mapema kwamba mtani akija atatukana, na wafiwa wanamtaka. Mweleze pia kwamba "pole" yetu si kuomba radhi. Nimeshamwambia mtalii aliyejikwaa kwenye magofu ya Kaole "pole sana", akanijibu si wewe uliyeniangusha! (Msonyo hauhitaji maelezo. Ukisonywa, umesonywa.)

Naye muulize, lakini mkiwa njiani, si mbele ya watu. Usimuulize "unajisikiaje?" Atakujibu yuko sawa, kama sisi tunavyojibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua. Mimi siku hizi huuliza, "Kwenu mtu akifiwa hufanyaje?" Hapo huanza kusimulia, na katikati ya masimulizi hujisahau akasema ya kwake.

Siku ile nilikuwa sijayajua hayo, na mtani hakunisubiri. Alimfuata mgeni moja kwa moja. "Kumbe mdhamini wake ndiye huyu! Lipa!" Mgeni akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, ni utani, mpe. Akatoa noti mbili za elfu moja moja. Mtani akazinyanyua juani, akazikagua mbele na nyuma, kisha akaivua kofia ya mjomba na kumvika.