Mbwa wa nyumba isiyokula nyama: je, anadhulumiwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Sisi ni Wasabato, tunaishi Nachingwea. Nyumbani hatuli nyama wala samaki, ila mayai na maziwa tunatumia. Tuna mbwa wawili wazima, kila mmoja kilo 15 hivi. Usiku wanalinda, mchana tunawafunga. Wanakula ugali na mbaazi tunazopika kwa ajili yetu. Jirani anasema nawadhulumu, kwamba mbwa kaumbwa ale nyama. Mume wangu anauliza kwa nini wanyama wachinjwe kwa ajili ya mbwa wakati sisi wenyewe tumeacha. Nani yuko sahihi? Na kama inawezekana bila nyama, niwape nini na kwa kiasi gani? (Mwalimu, Nachingwea, Lindi)

JIBU: Salama, Mwalimu. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuishi vizuri bila nyama. Kwa ugali na mbaazi peke yake hawezi. Kwa hiyo mumeo ana hoja, na jirani naye anayo, japo si ile aliyoitaja.

Mbwa si paka. Paka asipokula nyama au samaki, au chakula cha dukani kilichoongezwa taurini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki), huharibika moyo na macho, kwa sababu mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na hauwezi kugeuza rangi ya boga au karoti kuwa vitamini A. Mbwa kwa kawaida anaweza yote mawili. Tena amekaa na binadamu hadi tumbo lake likazoea wanga: utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wengi wana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa mwitu aina ya wolf, ambaye ndiye asili ya mbwa, ana mbili tu. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa mifugo cha Uingereza, ambacho awali kilikuwa kikipinga, kilikubali kwamba mbwa anaweza kulishwa bila nyama mradi chakula kikamilike.

Ugumu uko kwenye hilo neno kukamilika. Mahindi yana upungufu wa laisini, mbaazi zina upungufu wa methionini, na zote mbili ni sehemu za protini ambazo mwili lazima uzipate kwenye chakula. Muhogo una protini kidogo mno, hivyo mbwa anayelishwa bada (ugali wa muhogo) au makopa tu anashiba huku misuli inayeyuka. Vitamini B12 haimo kabisa kwenye nafaka na kunde. Vitamini D mbwa hatengenezi ya kutosha kwenye ngozi, kwa hiyo jua la Lindi halimsaidii kwa hilo. Zinki imo, lakini maganda ya nafaka na kunde yanaishika isifyonzwe. Dalili ya upungufu wake ni magamba magumu kuzunguka macho, mdomo na nyayo, ambayo watu wengi hudhani ni ukurutu.

Jirani anaweza kukujibu kwamba mbwa wake anakula ugali mtupu na yuko imara. Mtazame mbwa huyo mchana. Kama hafungwi, anajitafutia: panya, vichwa vya samaki jalalani, mzoga porini. Ugali wa kwake ni nyongeza. Wa kwako amefungwa, na kisichokuwemo kwenye bakuli hakipati popote. Hapo ndipo ninapoona suala la haki. Ukimfungia mnyama njia zake zote za kujitafutia, deni lote la mwili wake linakuwa lako. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji vinavyomfaa. Deni hilo linalipwa kwa virutubisho, na si lazima vitoke kwenye nyama.

Kuna upande wa pili ambao mumeo aupime. Mbwa mwenye njaa ya protini ukimfungulia usiku atakula kuku wa jirani au mwana mbuzi. Mnyama mliyekataa achinjwe kwa ajili yenu atakuwa amekufa vilevile, tena vibaya, na mwenye hasara ni mtu mwingine.

Sasa vipimo. Mbwa wa kilo 15 anahitaji kama kilokalori 900 kwa siku. Akikesha akikimbizana na nguruwe pori shambani, ongeza robo. Kwa mbwa mmoja, siku moja, kwa uzito wa vitu vikavu: unga wa dona gramu 110, mbaazi gramu 80, mayai mawili, ufuta uliosagwa kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai, na kipande cha boga au kiganja cha mchicha. Hapo unapata protini ya gramu 40 hivi. Ufuta usiuone mdogo: una methionini ambayo mbaazi zinayo kidogo, na huko kwenu haupatikani kwa shida. Pima mara ya kwanza kwa mizani ya dukani, weka alama kwenye kikombe, kisha tumia kikombe hicho.

Mbaazi ziloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage (hilo linapunguza gesi na kile kitu kinachoshika zinki), halafu zichemke hadi zipondeke kwa vidole. Zikiwa ngumu zinatoka nzima kwenye kinyesi, na protini umeitupa. Mayai yapikwe. Ute mbichi ukiliwa kila siku unazuia vitamini mojawapo ya kundi B.

Kalsiamu itoke kwenye maganda ya mayai: yaoshe, yachemshe dakika 10, yakaushe, yasage yawe laini kabisa, mpe nusu kijiko cha chai kwa siku. Usizidishe kwa kudhani ni dawa, kwa sababu kalsiamu nyingi inazidi kuizuia zinki. Chumvi iwe ya madini joto, chembe za kushika kwa vidole viwili tu.

Hata hivyo mchanganyiko huo bado una upungufu wa B12, vitamini D, zinki na madini joto. Lazima uongeze unga au vidonge vya vitamini na madini vya mbwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Uliza duka la dawa za mifugo, na wakikosa wakuagizie. Usikubali kuuziwa ya kuku au jiwe la kulamba ng'ombe. Vipimo vyake ni vingine, na vitamini D ikizidi inaua figo.

Msipoweza kupata nyongeza hiyo kila mwezi, nawasihi mruhusu dagaa kwenye bakuli la mbwa. Gramu 40 za dagaa wakavu wa baharini, na mifupa yao, zinachukua nafasi ya mayai na maganda yake, na zinaziba sehemu kubwa ya upungufu nilioutaja. Hapo unga uwe gramu 150, mbaazi 40, mafuta vijiko viwili vya chai. Walowekwe kwanza kutoa chumvi, kisha wapikwe, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Wachambue pia: bunju akichanganyika humo, sumu yake haiondoki kwa moto.

Njia nyingine ya katikati ni mabaki ya bucha, kama mapafu na wengu, kwa kuwa hakuna ng'ombe anayechinjwa kwa ajili ya mapafu. Yachemshwe nusu saa au zaidi. Mbichi yenye vifuko vya maji humpa mbwa tegu, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtoto yanaota uvimbe kwenye ini au mapafu.

Wala nyama tupu si jibu. Steki ina fosforasi nyingi sana kuliko kalsiamu, na mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo mifupa inapinda na kuvunjika.

Jambo moja ulilolitaja kwa kupita limenitia wasiwasi kuliko suala la nyama: mbaazi mnazopika kwa ajili yenu. Bila shaka zina vitunguu na tui. Kitunguu, hata kidogo kidogo kila siku, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Fizi zinapauka na mkojo unakuwa wa kahawia. Tui zito linamharisha na linaweza kuumiza kongosho. Kuanzia leo, chota mbaazi za mbwa kabla hujaunga. Mahindi au karanga zenye ukungu pia usimpe ukidhani mbwa atavumilia: sumukuvu haiishi kwa kupika, na ini la mbwa ni dhaifu mbele yake. Wakati wa msimu wa korosho, mabibo yaliyochacha na maganda mabichi ya korosho yawe mbali naye. Mafuta ya ganda yanaunguza mdomo.

Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliokula vyakula vyenye kunde nyingi kama njegere na dengu. Haikuthibitika kwamba kunde ndizo chanzo, lakini kwangu inatosha kusema gramu 80 za mbaazi zisigeuke 200 kwa sababu mahindi yamepanda bei.

Badilisha chakula taratibu kwa siku 7 hadi 10, robo kwa robo, ukigawa milo miwili. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au mtoto chini ya mwaka mmoja usimjaribishie mlo usio na nyama wala samaki. Kila wiki mbili mbebe upande naye kwenye mizani, toa uzito wako. Papasa mbavu: uzisikie chini ya ngozi bila kubonyeza, lakini usizihesabu kwa macho. Akishuka chini ya kilo 13.5, au akianza kuchoka haraka na kukohoa usiku, mrudishie dagaa siku hiyohiyo na umpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya amsikilize moyo.