Fidla za shule: machi na taarabu

SWALI: Wanafunzi wangu wa fidla wanaipiga machi (muziki wa gwaride) vizuri, ila wakiingia taarabu, inasikika machi ileile. Nifanyeje? (Mwalimu, Unguja)

JIBU: Mwalimu, anza na upinde. Machi inataka mivuto mifupi katikati ya upinde, kila noti na mvuto wake. Taarabu inataka noti 4 au zaidi kwa mvuto mmoja, fidla zote zikifuata wimbo uleule.

Kazi hasa iko kwenye maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika maqamu ya Bayati inayoanzia noti ya D, noti ya E hushuka takriban robo toni: kidole cha kwanza kirudi nyuma kidogo tu. Kikishuka nusu toni nzima, ladha imepotea. Uzi mtupu wa E haurekebishiki, basi watumie kidole cha nne kwenye uzi wa A, nacho kirudi nyuma. Waimbe kwanza, fidla zikiwa mapajani.