PES 6 Ilivyonizibia Gemu Nyingine Zote

Kijana mmoja wa Nansio, Ukerewe, ameniandikia akilalamika kwamba tangu anunue PS4 yake anacheza gemu ya mpira peke yake, na zile diski nyingine alizouziwa pamoja na mashine hiyo kila akiziweka huzitoa kabla ya nusu saa, kwa sababu haoni utamu wowote. Anauliza kama aziuze. Ujumbe wake umenikuta nimetoka kumaliza God of War ya mwaka 2018, gemu ya kwanza isiyo ya mpira ambayo nimeifikisha mwisho tangu nizaliwe, na ninaamini kwamba mtu aliyelelewa na PES 6, gemu ya mpira ya enzi za PS2, akifika hapo ana haki ya kusema neno.

Wanaonifahamu tangu enzi za kibanda kilichokuwa jirani na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hawahitaji kuelezwa. Kilikuwa chumba cha mabati chenye TV za chogo, dirisha limezibwa kwa boksi ili jua lisipige kioo, na harufu ya dagaa imetanda humo kutwa nzima. Utaratibu ulikuwa kwamba anayefungwa ndiye anayelipa, kisha anaachia padi. Kwa utaratibu huo mimi nilikaa kwenye benchi lile jioni nzima kwa fedha za watu wengine. Nilicheza na Inter Milan kwa ajili ya Adriano, ambaye akiuwahi mpira kwa mguu wa kushoto nje ya kumi na nane hakuna kipa aliyekuwa na amani. Wenzangu walipoipiga marufuku Inter, na kweli walikaa wakakubaliana kuipiga marufuku kwa sababu yangu, nilihamia Merseyside Red, jina ambalo Konami, watengenezaji wa PES, waliipa Liverpool kwa kukosa leseni yake, nikaendelea kuwafunga vilevile.

PES 6 ilitoka mwaka 2006, na kwa kawaida ya gemu za mpira ilipaswa kusahaulika toleo lililofuata lilipoingia sokoni. Kwetu haikusahaulika, kwa kuwa mafundi waliendelea kutuchomea diski zenye vikosi vipya, hivyo wachezaji walihama timu, wakastaafu, wengine wakachipukia, sisi tukiwa palepale. Nyumbani nilikuwa na Master League yangu, sehemu ya gemu ambamo unaiongoza timu yako msimu hadi msimu, unaanza na watu wasiokuwepo duniani, Castolo mbele, Minanda kiungo, Ivarov golini, na unawavumilia hadi unawapenda kuliko wachezaji wa kweli. Castolo sikumuuza hata nilipokuwa na fedha za kumnunua yeyote niliyemtaka.

Mtu wa namna hiyo ukimpa gemu nyingine haichezi, bali anaikagua. Niliwekewa GTA San Andreas, gemu ya mitaani ambayo vijana wa rika langu walikesha nayo, nikaendesha baiskeli ya CJ, mhusika wake mkuu, mtaa mmoja, kisha nikauliza magoli yako wapi. Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la dhati. Ndivyo alivyo mtu anayekula sato wa mgahawani huku akitafuta mkono wa mama yake: samaki anaweza kuwa mzuri kabisa, ila mlaji hakuja kumla yeye.

Mambo yaligeuka pale mwenye kibanda alipouza PS2 zote akaleta PS4 zenye FIFA, gemu ya mpira iliyokuwa mshindani wa PES. Hapa naomba msomaji anifuate kwa makini, kwa sababu ndipo lilipo jibu la kijana wa Nansio. Katika PES, kitufe cha mraba ndicho cha kupiga shuti na cha duara ni cha pasi ndefu na krosi. FIFA imegeuza: duara ndilo shuti, mraba ni krosi. Kukimbia, ambako kwenye PES ni R1, huko kuko R2. Kwa hiyo nilikuwa nawatoka mabeki wawili, nabaki mimi na kipa, nabonyeza mraba kama vidole vyangu vilivyofundwa, na mshambuliaji wangu anautia mpira krosi pembeni ambako hakuna mtu. Kijana mmoja ambaye enzi za PS2 alikuwa akinilipia kila siku alinifunga sita, akairekodi TV kwa simu na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Nimemsamehe, ingawa video ile ninayo bado.

Wapo watakaosema kwamba FIFA ina mpangilio mbadala wa vitufe unaofanana na wa PES. Ni kweli, na anayecheza nyumbani autumie. Kwenye kibanda, wakati watu wamepanga foleni, hakuna atakayekusubiri uingie kwenye mipangilio. Lakini hata ukiutumia, FIFA itaendelea kupimwa kwa PES katika kila pasi na kila mpira wa kona, na itashindwa kila mara, kwa sababu gemu mbili zinazofanana hazimwachi mtu aisahau ile ya kwanza. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa, ni huu: ukitaka kutoka kwenye gemu uliyoipenda, usihamie kwa ndugu yake. Nenda mbali.

Mimi nilikwenda kwa Kratos, shujaa wa God of War mwenye shoka. Mwanzoni nilikuwa nambonyezea R1 akimbie, naye anapiga shoka hewani, kwa kuwa R1 kwake ni pigo. Hata hivyo sikuwa na la kulinganisha nalo. Unalirusha shoka likanase mwilini mwa adui, unabonyeza pembetatu, nalo linarudi likikata hewa hadi linapotua kiganjani na padi inatikisika mikononi mwako. Pembetatu hiyohiyo kwa miaka yote ilikuwa pasi ya kupenyeza ya Minanda, lakini vidole havikulalamika, kwa sababu hapakuwa na Minanda wa kutafutwa. Kisha kuna lile ziwa katikati ya gemu, ambapo Kratos na mwanawe wanapiga kasia na baba anasimulia visa vifupi njiani; ukifika nchi kavu kisa kinakatika. Mimi mtoto wa Kirumba, niliyekulia kwenye mitumbwi, nilikuwa nauzungusha mtumbwi makusudi ili kisa kiishe ndipo nitie nanga.

Jambo la pili, vijana wengi hawalitaki. Gemu uipendayo si mali yako. Mwaka 2021 Konami waliachana na jina la PES, wakaleta eFootball, ambayo ilipokelewa vibaya mno na wachezaji, na Master League haikuwemo. Hakuna aliyeniuliza. Sasa mtu aliyejifungia kwenye gemu moja anabaki akiwategemea watu wa Konami huko Tokyo wasiomjua, na wakiamua kubomoa, analia. Jifunzeni kucheza vitu vingi mkiwa bado na muda. Jifunzeni kutoa nafasi. Kizazi hiki kinahukumu gemu, muziki, hata binadamu wenzao, kabla mkono haujazoea, halafu kinasema hakuna kipya kizuri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiziuze hizo diski. Chagua moja isiyo na mpira, magari wala mashindano yoyote, ucheze mpaka usiwe unatazama padi kutafuta kitufe, na kabla ya hapo usiipe alama. Ile ya mpira mkabidhi mtu kwa muda, tena mtu mkali wa kurudisha vitu. Ukishindwa hapo, basi uza.

Na wale walionitumia salamu kwamba nimekimbia mpira, PS2 yangu ipo nyumbani Nyamanoro, inawaka, memori kadi ni ileile, na Jumapili mchana huwa sina kazi. Inter bado ni marufuku, nimekubali. Njooni na timu yoyote nyingine, na anayefungwa analipa.