Mahakama ilijibu swali jingine

Mhariri, mmetuuliza hivi: Marekani ilitangaza Juni 2025 orodha mpya ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia, na Mahakama ya Juu ya huko ilishabariki orodha ya namna hiyo mwaka 2018. Je, mahakama ikishabariki, bado tunaweza kusema ni ubaguzi wa dini?

Ndiyo, tunaweza. Ila hilo neno "kubariki" ndilo linalotuchanganya.

Tukumbushane kwanza. Desemba 2015, Donald Trump akiwa bado mgombea, alitoa tamko kwamba Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Hakusema kwa mafumbo. Januari 27, 2017, wiki moja tu baada ya kuapishwa, akasaini amri ya kuzuia raia wa nchi 7: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Zote ni nchi za Waislamu wengi. Watu wakakwama viwanja vya ndege wakiwa na viza zao mkononi, na majaji wakaisimamisha. Machi ikaja amri ya pili, Iraq imetolewa, nayo ikasimamishwa. Septemba ikaja ya tatu: Sudan imetoka, Chad imeingia, pamoja na baadhi ya maofisa wa Venezuela na watu wa Korea Kaskazini, ambao hata bila amri yoyote sijui ni wangapi walikuwa wakipanga foleni ya viza ya Marekani. Wanasiasa wetu wangesema amri imejivua gamba. Hiyo ya tatu ndiyo iliyopitishwa na Mahakama ya Juu, Juni 26, 2018, kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba sheria ya uhamiaji ya 1952 inampa rais mamlaka mapana ya kuzuia wageni akiona kuingia kwao kutaidhuru nchi. Kuhusu dini, alisema jambo likigusa mipaka na usalama, mahakama hutazama kama hatua hiyo inaweza kuelezeka kwa sababu halali isiyo chuki. Serikali ilisema nchi zile hazitoi taarifa za kutosha kuhusu raia wao. Sababu ikaonekana inatosha.

Someni tena. Mahakama haikusema "tumechunguza nia ya rais, hakuna chuki." Ilisema ipo sababu nyingine inayoweza kuibeba amri. Chukulieni mwenye nyumba aliyetangaza mtaani kwamba hapangishi watu wa dini fulani. Akiitwa kwa mjumbe anasema hapana, mimi siwataki wasio na barua ya utambulisho. Mjumbe anajibu: nyumba ni yako, na sababu yako inaeleweka. Mjumbe hajasema uongo. Lakini mtaa mzima ulimsikia juzi.

Wapo watakaoniambia mgeni hana haki ya kuingia kwa watu kwa nguvu. Nakubali kabisa, hata sisi tunarudisha watu mpakani kila siku. Lakini walioshtaki hawakuwa wageni. Lilikuwa jimbo la Hawaii, na pamoja nalo imamu wa msikiti wa Honolulu, raia wa Marekani, ambaye mama mkwe wake alikuwa Syria akisubiri viza. Hoja yake ya dini ilikuwa kwamba serikali yake mwenyewe, ambayo katiba inaikataza kupendelea dini moja au kuionea nyingine, imemwambia yeye na waumini wake kwamba wao si wenyeji kamili. Kumjibu mtu huyo kwamba wageni hawana haki ni kumkwepa.

Kuna kituko kimoja sijakisahau. Katikati ya 2017 mahakama iliruhusu kwa muda waingie wenye jamaa wa karibu Marekani. Serikali ikaandika orodha ya jamaa wa karibu: mama mkwe yumo, bibi na babu hawamo! Shangazi na mjomba nao nje. Ilibidi jaji wa Hawaii aamue kwamba bibi ni ndugu. Hapa Tanga ungecheka mpaka ukae chini, kama si kwamba kuna bibi waliokuwa wakisubiri kweli.

Amri ilikuwa pia na mlango wa msamaha kwa wenye shida maalumu, na Roberts aliuhesabu kama dalili ya nia njema. Jaji Stephen Breyer, aliyepinga hukumu, aliutazama kwa namba: katika mwezi wa kwanza wa amri hiyo kutumika, waliokubaliwa walikuwa 2 kati ya 6,555 waliostahili kufikiriwa. Serikali ikasema baadaye walifika 430. Mimi nabaki na wale 2.

Najua mtauliza: mbona Tanzania nayo ilitiwa mwaka 2020? Kweli, ilitiwa, ingawa kwetu kilichofungwa ni ile bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani tu, mpaka Joe Biden alipofuta zuio siku alipoapishwa, Januari 2021. Na orodha ya Juni 2025 ya nchi 12, pamoja na 7 zenye zuio la sehemu, ilikuwa na Haiti na Burundi, ambako Wakristo ndio wengi. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kwamba hiyo ya 2025 ilikuwa ya dini. Tatizo ni kwamba hata ingekuwa ya dini, kipimo cha 2018 kisingeionyesha, maana hakipimi hicho.

Mrundi aliyenyimwa viza kwa orodha hiyo hakukuta neno "dini" popote kwenye karatasi yake. Msomali wa 2018 naye hakulikuta.

Msomaji wenu, Tanga